Aliyemfunga Macho Ngamia wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kisimajuu, alikuwako Sultani jina lake Madi bin Shekuwe, naye alikuwa na kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, na kinu kile kilizungushwa na ngamia. Ngamia naye alikuwa na jina, akiitwa Almasi. Kila asubuhi alifungwa macho kwa vikawa viwili vya ukindu, mfano wa vifuniko vidogo vya sahani, ili asilione duara analolizunguka akashikwa na kizunguzungu. Basi akaenda kutwa nzima, pengine akidhani yuko safarini Hijazi, kumbe hajatoka uani.

Mtumishi wa kinu alikuwa Faki bin Mjaka, na mkewe Mize binti Vuai, na mtoto wao mmoja tu, msichana wa miaka sita, Kazija binti Faki. Jina hilo lishikwe vizuri, kwa kuwa katika habari hii kuna mahali lilipopasa kuandikwa, nalo halikuandikwa.

Palikuwa pia na Pandu bin Simai, mtu asiye na kazi, asiye na nyumba, asiye na mali ila mkeka mmoja, ambao aliuchukua kwapani, na alipochoka aliutandika. Watu walimwita punguani, naye hakuwakatalia, maana aliona punguani hasumbuliwi kwa mashauri. Kazija alikuwa akimletea mashudu, yale makapi ya ufuta yanayobaki mafuta yakiisha kukamuliwa, ameyafunga katika jani la mgomba, akimwambia, "Babu Pandu, wewe na Almasi mnakula chakula kimoja."

Pandu humjibu, "Kweli, mjukuu wangu, lakini mwenzangu ana kazi."

Mzaha huo waliurudia kila siku, na kila siku mtoto alicheka kama aliyeusikia mara ya kwanza.

Basi hapo awali kinu kile kilikuwa na watu wawili, Faki akimimina ufuta na mwenzake akishika kamba ya ngamia. Ikawa Sultani akaletewa zawadi ya mwavuli wa hariri, akataka mtu wa kuushika, akamtwaa yule mshika kamba. Faki alipokwenda kuuliza nani atamwongoza ngamia, Waziri alimjibu, "Almasi njia yake anaijua. Atapotelea wapi?"

Jumamosi moja asubuhi, Faki ameinama na kapu la ufuta mikononi, Kazija akaingia kuokota mashudu yaliyoanguka katika njia ya ngamia. Ule mti mrefu anaoukokota ngamia ukaja kwa nyuma. Almasi hakuona kitu, na Faki alipogeuka jambo lilikuwa limekwisha.

Mize alikuja mbio, na neno lake la kwanza kwa mumewe likawa, "Ulikuwa wapi?" Faki angali ameshika kapu. Tangu saa ile hawakusemezana tena, walizika na kukaa matanga, mmoja ndani na mmoja uani, na ukuta katikati yao.

Jumatatu Sultani akakaa barazani kuhukumu. Akanena, "Nimelitazama jambo hili. Ngamia alikuwa amefungwa macho, na asiyeona hana kosa. Mimi nilikuwa nimelala, nami pia sikuona. Aliyekuwa na macho mawili wazi ni Faki. Basi Faki ndiye aliyemwua mwanawe kwa uzembe, na hukumu hiyo itasomwa Ijumaa mbele ya watu wote. Tena, kwa kuwa ngamia wangu akifika mahali pale sasa husimama, hata akichapwa haendi, Faki atatiwa nira azungushe kinu yeye, mpaka ngamia atakapoona vema."

Karani akaandika: "Ngamia wa Sultani, jina lake Almasi, alikutwa njiani na mtoto wa mtumishi."

Faki akainamisha kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Mize alimtazama, kisha akatazama chini. Pandu, aliyekuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka wake, akaona kwamba hukumu ile ikisomwa Ijumaa, ule ukuta wa nyumba ya Faki hautabomoka tena maisha. Akainuka.

"Maulana, karani wako amesahau."

"Amesahau nini?"

"Sijui, bwana wangu. Nimesikia jina la ngamia, nikangoja la pili, halikuja."

Waziri akafoka, "Ewe punguani! Wamkosoa Sultani?"

"Mimi? Kumkosoa Sultani? Mimi hata mkeka wangu hunikosoa, Mheshimiwa Waziri. Ukitaka ushahidi, tazama alama zake mgongoni mwangu."

Watu wakacheka kwa kujificha. Sultani naye alitaka kucheka, akakumbuka kuwa amekasirika. Akasema, "Sikiliza, Pandu. Mimi sihukumiwi ila na mtu wa cheo changu, asiyenizidi wala kunipungukia hata kwa unene wa unywele. Mlete mtu huyo kabla ya swala ya Ijumaa. Akiniona nina kosa, hukumu hii nitaipasua kwa mkono wangu. Usipomleta, nira yangu ina nafasi ya shingo mbili."

Waziri akacheka mpaka akashika mbavu, maana sultani wa karibu alikuwa mwendo wa siku arobaini.

"Nimekubali, Maulana," akasema Pandu. "Naomba tu akifika apewe kiti cha heshima."

"Atakalia kiti kama changu."

Ikawa Ijumaa asubuhi Pandu akaenda kwa Mize. Akamkuta ameegemea ukuta, na vile vikawa viwili vya ukindu viko mbele yake, maana Faki alivileta kutoka kinuni asijue pa kuviweka.

"Binti yangu," akasema Pandu, "nataka unifunge macho kwa hivyo."

"Mzee Pandu, leo si siku ya mzaha."

"Najua. Na mzaha wangu hauna tena mwenye kuucheka. Lakini nifunge, kisha unipeleke barazani. Huko nitavunja vyombo kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Kwa kadiri ya adabu."

Mize akavitwaa vikawa, akaiona kamba aliyokuja nayo Pandu. Kisha akasema, "Na kamba hii ya nini?"

"Unifunge kiunoni, ushike upande wa pili."

"Almasi hakuwa na mtu wa kamba."

"Almasi ana akili, binti yangu. Mimi nikiachwa peke yangu nitaingia kisimani."

Basi wakaenda. Baraza ilikuwa imejaa watu. Sultani ameketi, na mjukuu wake Zena, mtoto wa miaka mitano, amekaa miguuni pake, na nyuma yake amesimama yule mshika kamba wa zamani, ameushika mwavuli wa hariri uliofunguliwa wazi, ingawa walikuwa chini ya dari. Wakamwona Pandu akiingia amefungwa macho, na mchi mrefu wa kutwangia umefungwa mabegani mwake, na Mize nyuma yake.

"Yuko wapi mtu wako?" akauliza Sultani.

"Hayuko mbali, Maulana. Tukimngoja, nipe ruhusa nizunguke kidogo, nafanya mazoezi ya nira."

Sultani akacheka sana. "Zunguka!"

Pandu akaanza kuizunguka nguzo ya katikati, taratibu, akitikisa shingo kama ngamia. Mzunguko wa kwanza mchi ukaangusha mrashi wa marashi, na Sultani akazidi kucheka. Wa pili ukapiga kilemba cha Waziri, kikaruka, na ndani yake kikatoka kipande cha halua kilichofungwa jani, kikabingirika sakafuni. Basi Waziri yule alikuwa amewaambia watu wote kwamba tabibu amemkataza vitu vitamu, hata mkewe alikuwa akimwonea huruma. Baraza nzima ikaangua kicheko. Wa tatu ukapiga rafu ya sahani za Kichina, na sahani mbili zikapasuka.

"Ewe Pandu!" akapiga kelele Sultani. "Huoni?"

"Sioni, Maulana, na asiyeona hana kosa. Karani anayo, imeandikwa."

Mara Zena akateleza kutoka miguuni pa babu yake, akatambaa mpaka kwenye njia ya Pandu, akainama kuiokota halua. Na mchi ulikuwa unakuja kwa nyuma.

Jambo hilo Pandu hakulipanga, wala hakuliona. Aliyeona ni Mize. Akaivuta kamba kwa mikono yote miwili na kwa uzito wote wa mwili wake, ikamchuna viganja, na Pandu akaanguka kwa makalio, puu! Mchi ukasimama shibiri moja kutoka kichwa cha mtoto. Zena akainua uso, halua imeshamjaa mdomoni, akawashangaa wakubwa.

Sultani alikuwa amekwisha ruka kutoka kitini bila viatu. Akamkumbatia mtoto, akapaza sauti, "Nani aliyemfunga macho mtu huyu, akamwachia kati ya watoto? Huyu hana kosa, haoni! Kosa ni la aliyemfunga! Nileteeni huyo!"

Watu wakatazamana.

Pandu, pale sakafuni, sauti ikimtetema kwa kuwa sasa tu ndipo alipojua kuwa palikuwa na mtoto, akasema, "Karani, umeandika?"

Mize akasogea mbele. "Niliyemfunga ni mimi, Maulana. Mimi Mize binti Vuai, mama wa yule mtoto. Lakini sikumwachia." Akanyoosha mikono, kamba ingali imo, na viganja vinatoka damu.

Pandu akavua vikawa. "Maulana, mtu wa cheo chako amefika. Alikaa katika kiti kama chako, hakukuzidi wala hakukupungukia kwa unene wa unywele. Amehukumu, na sote tumemsikia."

Sultani akageuza uso, akamtazama yule mshika kamba wa zamani, aliyemfuata mbio, kisha akautazama mwavuli ulio juu ya kichwa chake mwenyewe, humo ndani ambamo jua halijapata kuingia tangu nyumba ijengwe.

"Funga mwavuli," akasema kwa sauti ndogo.

Akaichukua ile karatasi, akaipasua. Akamwambia karani, "Andika upya. Madi bin Shekuwe alimfunga macho ngamia wake, kisha akamwondoa mshika kamba. Kwa kosa lake amekufa..." Akakwama. Alimtazama Waziri, na Waziri akatazama kilemba chake. Basi ikambidi Sultani wa Kisimajuu aulize. "Mama, mtoto aliitwa nani?"

"Kazija binti Faki."

"Andika. Kazija binti Faki."

Karani akaandika, kisha akauliza, "Na ngamia nimtaje, Maulana?"

"Ngamia mwache apumzike."

Akaamuru kinu kisimame mpaka arobaini ya mtoto ipite, na yule mshika kamba arudi kazini kwake, na tangu siku ile katika mji ule kila aliyemfunga mnyama macho ilimpasa ashike kamba yeye mwenyewe, au aweke mtu.

Kisha akamgeukia Pandu. "Nawe wataka nini?"

"Mashudu kidogo kila siku, Maulana, kama nilivyozoea."

Sultani akaanza kucheka, akaona Mize amejifunika uso kwa mtandio, akaacha.

Baada ya swala palisomwa hitima uani kwa Faki, na Sultani akaja kwa miguu juani, bila mwavuli, uso umemwiva. Viti havikuwako, basi Pandu akatandika mkeka wake, na Sultani akaketi. Akamwambia Faki maneno machache, na maneno hayo hayakusimuliwa, kwa kuwa aliyasema kwa sauti ya chini na Faki hakuyarudia kwa mtu.

Watu walipoanza kutawanyika, Mize akatoka ndani. Akapita mbele ya mumewe, akaketi kando yake, akamwonyesha viganja.

"Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba," akasema, "na nusura nisiwahi. Yako ilikuwa kwenye kapu."

Faki akavitazama vile viganja.

"Umekula?" Mize akamwuliza mumewe.

"Bado."

Akaenda kumpakulia.

Hapo ndipo hekaya yetu inapokunjwa. Mkeka wa Pandu haukukunjwa siku ile, kwa kuwa Sultani alikuwa angali ameukalia, na Pandu, aliyekuwa na ulimi kwa kila jambo, hakupata neno la kumwambia mfalme ainuke. Akakaa chini mchangani, akangoja.