Fahali Aliyefichwa Bondeni

Isome hadi mwisho, kisha mtumie mfugaji yeyote unayemjua.

Mtemi Lugembe alikuwa na fahali mweupe, mnene, mwenye nundu ya kupendeza. Alimpenda kupita kiasi. Akatoa amri kwamba mafahali wengine wote nchini wahasiwe, ng'ombe wote wapandwe na huyo mmoja. Atakayekaidi atafukuzwa nchini.

Kalunde, mjane asiye na ndugu, alikuwa na fahali mfupi wa madoadoa, sura mbaya kwelikweli. Lakini kiangazi kilipokausha visima, fahali huyo alitembea siku mbili bila maji na bila kinyongo. Kalunde hakuwa na moyo wa kumhasi. Akamficha bondeni kwenye miti ya miiba, na kila alipoulizwa akajibu kwamba kazi imekwisha.

Miaka ikapita. Katika zizi la Mtemi, fahali mweupe akawapanda binti zake, kisha wajukuu zake. Ndama wakazaliwa dhaifu, wengine vipofu. Kupe wawili watatu tu waliwalaza chini. Mtemi akadhani ng'ombe wa nchi nzima wamekwisha hivyo hivyo. Akawaita watu uwanjani.

"Nilikosea," alisema. "Kama yupo aliyenikaidi akabaki na fahali, namwomba amlete."

Watu wakainamisha vichwa. Kalunde akapima moyoni. Akisema, huenda ni mtego, naye hana pa kwenda. Akinyamaza, ndama watakwisha. Akasimama.

"Mimi ninaye, Mtemi. Ila ni mbaya wa sura, usishtuke."

Kabla Mtemi hajajibu, Shigela, jirani wa Kalunde, akakohoa. Naye alikuwa na fahali wake, mwekundu, ambaye mabinti zake hukamuliwa hadi vibuyu vijae. Mwingine akasema wake hatishwi na mbung'o. Mikono ikazidi kuinuka, ikapita arobaini, hadi hapakubaki mfugaji ambaye hakuinua wake.  Kumbe miaka yote Kalunde alikuwa akiwaogopa wenzake bure.

Mtemi akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo nchi nzima, aliyetii amri yangu ni mimi peke yangu?"

"Ndiyo, Mtemi," Kalunde alijibu. "Utusamehe."

Mtemi akacheka hadi machozi yakamtoka, na uwanja mzima ukacheka naye. Siku hiyo hiyo yule mfupi wa madoadoa akaingizwa katika zizi la Mtemi kwa vigelegele, Kalunde akicheza mbele yake.

Funzo: Zizi lenye mbegu moja, hata iwe nzuri namna gani, liko karibu kufa. Tunza mifugo ya asili ya kila aina, hata ile unayoionea aibu, maana hakuna ajuaye kesho itamhitaji yupi.