Senti ya Semeni

"Senti ikinyamaza, chungu kinaungua." Leo asubuhi mmemsikia Bi Hidaya akiwatupia maneno hayo pale bandani, mliposhangilia kwamba mwenzenu Chausiku ameacha kelele zake za mkutanoni. Mkacheka. Mmoja wenu akauliza tangu lini senti ikawa mpishi. Haya, wekeni singa zenu za mkonge chini, maana anayesuka huku anasikiliza huharibu vyote viwili. Chimbuko la methali hii haliko mbali. Liko hapa hapa Kwemzizi, kwa bibi zenu.

Siku hizo shamba la mkonge lilikuwa limepata mwenyewe mpya. Si jambo geni. Shamba hili limebadilisha mabwana kama mtu anavyobadilisha kanzu, na waliobaki vile vile ni wale waliochomwa na miiba. Babu zenu waliletwa hapa wakaitwa manamba, watu walioandikwa kwa namba kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Hilo halijasahauliwa na halitasahauliwa. Lakini bwana huyu mpya hakuja na kiboko. Alikuja na tabasamu, na tabasamu la mwenye shamba ni la kutazamwa mara mbili.

Bibi zenu walikuwa na kikundi chao cha kusuka, Singa Moja. Banda lao lilikuwa kambini, kando ya chemchemi, kwa sababu singa zinataka kuoshwa na kutiwa rangi, na rangi bila maji ni vumbi tu. Mwenyekiti alikuwa Zaina Mhando, mwanamke mwenye moyo mzuri na mgongo mbovu. Paa la banda lilivuja. Kila masika Zaina alisuka akiwa ameinama chini ya matone, akiota paa lisilovuja kama wengine wanavyoota kwenda Maka.

Bwana mpya akalijua hilo. Akawaambia: hameni kambini, nitawajengea banda kule juu barabarani, bati jipya, sakafu ya saruji. Na kabla hamjanijibu, nendeni kwanza mkapumzike. Akawapa lori, mchele na kuku, wakakae siku tatu kwenye nyumba ya wageni kule milimani Usambara, wale na kulala kama watu. Bibi zenu walikuwa hawajawahi kupumzika. Neno lenyewe walilijua kwa maiti tu: fulani amepumzika.

Aliyepinga alikuwa mmoja, Semeni. Jina lake lilikuwa amri, naye aliitii tangu kuzaliwa. Semeni alilalamikia moshi, alilalamikia mizani ya msimamizi, alilalamikia imamu aliyerefusha hotuba. Tangu bwana mpya aje, wimbo wake ukawa mmoja.

"Anataka chemchemi," alisema hata ndani ya lori, wakipanda milima. "Tukishatoka kambini haturudi. Bati tutakuwa nalo, na tone la kuoshea singa hatuna. Mnakula kuku wa mtu bila kuuliza anataka kununua nini?"

Lori likaingia shimoni. Mgongo wa Zaina ukapiga kelele kuliko Semeni, na uvumilivu ukamwishia.

"Semeni, mwenzangu, umetuchosha," akasema mbele ya wote. "Tumekuja kupumzika. Basi tupumzishe na masikio."

Wanawake wakaangua kicheko. Hidaya, ambaye siku hizo alikuwa mbichi na tambuu haikumtoka shavuni, akapiga kigelegele. "Mwenyekiti kapitisha!"

Zaina akasubiri jibu, maana Semeni hakuwahi kukosa jibu. Semeni akajitanda khanga yake, akatazama bonde. Jibu halikuja. Halikuja hata walipofika, wala usiku, wala asubuhi kwenye chai. Zaina akasema moyoni: kumbe ilikuwa rahisi hivi?

Siku ya pili Bi Yulalia akasema leo analishika yeye jiko, na anapika cha kwao.

Huyu Bi Yulalia hamkumkuta. Alikuwa mjane wa fundi mitambo wa shamba, na kwao ni Meksiko, upande wa Yukatani. Mumewe alipokufa watu walidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alihamia kambini, akajifunza kusuka, na Kiswahili chake kilikuwa kama kikapu cha kwanza cha mwanafunzi: kina matundu lakini kinabeba. Siku aliyoingia Singa Moja alinyoosha mikono yake kando ya mikono yao, makovu kwa makovu.

"Bibi yangu alichomwa na mkonge kabla ya bibi yenu," alisema. "Mkonge huu umetoka kwetu."

"Na miiba nayo ni yenu?" Hidaya akamjibu. "Basi njoo uichukue!"

Tangu siku hiyo akawa wao.

Sasa kule milimani aliwapikia tamali, matonge ya unga wa mahindi yanayofungwa majanini na kupikwa kwa mvuke. Usiku alikuwa amechemsha mahindi pamoja na chokaa akayaacha yalale. Asubuhi wanawake walipoiona chokaa wakashikana mikono.

"Yulalia," Hidaya akasema, "kwetu chokaa ni ya ukuta na ya tambuu. Unataka tule ukuta?"

"Mahindi bila chokaa ni yatima," Bi Yulalia akajibu. "Mlichukua mahindi kwetu, mkamsahau mama yake."

Akawaonyesha jinsi ganda linavyotoka kwa kusuguliwa kiganjani. Wakayaosha, wakayatwanga, unga ukatoka laini na wenye harufu ambayo hakuna aliyeijua, kama udongo mvua inapouanza. Kwao hutia mafuta ya nguruwe. Hapa akatia tui zito la nazi, na wala hakungoja kuambiwa. Uani aliona mti wa mzingefuri, ule ambao watoto hujipaka mbegu zake midomoni, akaukumbatia kama ndugu aliyekutana naye stesheni. Kumbe kwao ndio rangi ya mchuzi wa kuku. Wakampaka kuku mzingefuri na kitunguu saumu, wakaweka vipande vyake katikati ya unga, wakafunga kila tonge kwa jani la mgomba na kulikaza kwa singa ya mkonge. Bibi zenu walifunga mafundo ya kikapu, na Bi Yulalia akasema mama yake angelia kuona tamali zilizofungwa vizuri namna ile. Hapo ndipo walipopumzika kweli, vidole vikifanya kazi ambayo hakuna msimamizi wa kuikagua.

Chungu kikubwa kikatiwa maji kidogo, kikatandikwa vijiti, tamali zipangwe juu zisiguse maji. Bi Yulalia akanyoosha kiganja.

"Naomba senti."

Wakatazamana. Senti chunguni?

"Ni dawa?" Hidaya akanong'ona.

"Si dawa. Mlinzi. Chungu kimefunikwa, macho hayaoni. Mlinzi anaona."

Hakuna aliyekuwa na senti. Kisha Semeni akafungua pindo la khanga yake, akatoa senti ya zamani yenye tundu katikati, isiyonunua tena hata kibiriti. Zaina aliijua. Ndiyo iliyobaki mkononi mwa baba yake Semeni baada ya makato ya mkataba wake wa kwanza. Mzee alikataa kuitumia. Aliivaa shingoni mpaka kufa, ili asisahau. Hadithi ya senti ile Semeni aliisimulia arusini na msibani. Zaina akangoja aisimulie tena. Semeni akaiweka kwenye kiganja cha Bi Yulalia, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, kimya.

Senti ikawekwa chini kabisa, ndani ya maji. Maji yalipochemka ikaanza kulia, ti-ti-ti-ti, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi.

"Msikilizeni," Bi Yulalia akasema, akatoka kwenda kutafuta pilipili kwenye bustani ya jirani.

Wakamsikiliza mwanzoni. Baadaye wakaanza nyimbo, na senti ikawaharibia mapigo. Wakakumbushana ya ujanani, na senti ikawakatiza. "Kelele hizi!" alisema Hidaya. "Semeni amenyamaza, sasa tumeletewa mdogo wake." Wakacheka mpaka machozi. Semeni hakucheka wala hakununa.

Mara senti ikaacha.

"Afadhali," akasema Zaina. "Kimeiva."

Msimcheke. Nanyi mngesema hivyo. Kwetu wali ukiwa na maji hupiga kelele. Ukinyamaza, maji yamekauka, umeiva, na mpishi hodari hupalia makaa juu ya mfuniko. Zaina alikuwa mpishi hodari. Akachukua koleo, akapalia makaa juu, akachochea na chini. Kisha, kwa utamu wa ule utulivu, akasimama mbele ya wenzake.

"Jamani, na la banda nalo tulimalize. Tukirudi tumwambie bwana tumekubali. Hata Semeni safari hii hana neno."

Wote wakamgeukia Semeni. Semeni akatazama viganja vyake.

"Naye ameiva!" Hidaya akasema, na makofi yakapigwa.

Makofi hayajaisha, Bi Yulalia akaingia mbio, pilipili zikimdondoka.

"Senti imenyamaza lini?"

"Muda kidogo," Zaina akasema. "Si imeiva?"

Bi Yulalia akayapangusa makaa kwa mti, akafunua mfuniko. Moshi mweusi ukawapiga usoni. Akamwaga maji pembeni, chungu kikalia kama paka aliyekanyagwa, na ufa ukapita ubavuni.

"Senti kulia, maji iko!" akapiga kelele. Kiswahili chote kilimpotea. "Senti nyamaza, chungu ungua!"

"Lakini ilikuwa inatusumbua," Hidaya akajitetea.

"Ilikuwa inasema maji iko! Hiyo ndiyo kazi yake!"

Zaina akabaki na koleo mkononi. Akageukia benchi la ukutani. Lilikuwa tupu.

Alimkuta Semeni kwenye chumba cha kulala, akifunga kifurushi chake.

"Unakwenda wapi?"

"Kesho nashuka na gari la mboga. Nakwenda Kilosa kwa mwanangu."

"Hata kuaga, Semeni?"

"Ulisema niwapumzishe masikio."

"Umenikasirikia."

Semeni akakaza fundo. "Miaka yote nilikuwa nimekasirika, Zaina. Nikikasirika, nasema. Sasa sijakasirika. Nimekwisha."

Zaina akakaa kitandani. Harufu ya kuungua ilikuwa imeingia mpaka kwenye nguo zake. Alijua kwamba mwanamke huyu akishuka na gari la mboga, hakuna mwingine Kwemzizi atakayesema, na wengine watadhani kwamba wanakaa kwa amani.

"Ulisema anataka chemchemi," akasema. "Umejuaje?"

Semeni akamtazama kwa shaka. "Unauliza, au unanibembeleza?"

"Mgongo unaniuma. Nililitaka lile bati, na uliponyamaza nikaona nimelipata. Sasa nauliza."

Pakawa kimya. Zaina hakukifurahia kimya kile hata kidogo.

"Niliwakuta watu wake," Semeni akasema hatimaye, sauti ikiwa imekwaruza. "Wanavuta kamba ya kupimia, kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye bustani ya nyumba yake. Mmoja akaniambia bomba likishapita, kambi itawekewa uzio. Nikawaambieni siku ile ile. Mkasema Semeni ameanza tena."

"Tulisema," Zaina akakiri. "Mimi nilikuwa wa kwanza. Fungua kifurushi."

"Niambie kwanza utafanya nini."

"Wewe utasema. Mimi nitasimama karibu yako nisikunyamazishe. Na yeyote atakayekunyamazisha ataniona."

Walipotoka, tamali zilikuwa zimepakuliwa. Za chini zilikuwa makaa. Za juu zilikuwa njano kwa mzingefuri, zenye moshi kidogo na utamu ambao Hidaya huutaja mpaka leo, meno yote yameshakwenda. Semeni akafungua jani lake. Wanawake wote wakaacha kula. Akauma, akatafuna, akameza.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, watu wa bondeni walidhani kuna arusi.

Waliporudi, bwana mpya alikuwa anawangoja kambini na tabasamu lake. Akawauliza kama wamepumzika. Wakasema ndiyo. Akawauliza jibu. Wakamtazama.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema kwa furaha. "Si ndivyo wazee wenu walivyosema?"

Zaina akatoa senti yenye tundu, nyeusi kwa moto, akaitia kwenye kikombe cha bati, akaitikisa mbele ya uso wake, ti-ti-ti-ti, mpaka tabasamu likashuka.

"Wazee wetu waliandikwa namba, bwana, hawakuulizwa," akasema. "Semeni, sema."

Semeni akasema. Alisema kuhusu kamba, bomba na uzio. Alisema kuhusu baba yake na senti ile, na safari hii hakuna aliyeguna. Pale pumzi ilipomwishia, Hidaya akapokea, kisha mwingine, kisha Bi Yulalia kwa Kiswahili chake chenye matundu, mpaka bwana akaingia garini.

Hakuwapa bati, wala hakuwapa lori tena maisha yake yote. Paa walilitengeneza wenyewe kwa makuti, na Zaina alizikwa na mgongo wake mbovu vile vile. Lakini maji mliyooshea singa hizo leo asubuhi ni ya chemchemi ile, na senti mnayoiona imening'inizwa juu ya mlango wa banda ndiyo hiyo. Bi Yulalia ndiye aliyesema maneno yale kwanza. Bibi zenu waliyanyoosha sarufi tu.

Sasa, mliofurahi kwamba Chausiku ameacha kelele. Yuko wapi? Nani amemwona tangu asubuhi? Basi inukeni mkamtafute, na mkimkuta msimbembeleze, mwulizeni. Senti ikinyamaza, chungu kinaungua.