Kiti cha Katikati

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hizo wanyama walipokuwa na nyumba zao, mafiga yao na vikao vyao vya kusutana, palikuwa na mama mmoja mdogo aitwaye Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni kale kanyama ka mawe, kanene kidogo, hakana mkia. Ukikatazama kwa mbali utadhani ni panya aliyeshiba. Basi msikadharau, ngojeni kwanza.

Bi Pimbi aliishi na wanawe katika nyufa za Jabali Kuu. Chini ya jabali palikuwa na bonde, na kiangazi kilipokaza, bonde hilo peke yake ndilo lililobaki na majani mabichi. Wakubwa kwa wadogo, wote walikula humo.

Siku moja Mzee Kiboko akatangaza hoja ya kikao kijacho: bonde liwe la wakubwa peke yao.

"Hawa wadogo wanatumalizia majani!" alinguruma.

Salaale! Yeye aliyefagia nusu ya bonde kila alipotoka mtoni, ati ndiye wa kulalamika kwamba digidigi anamaliza majani! Lakini nani angembishia? Bi Pimbi alimtazama kitinda mimba wake, mbavu zimeanza kuhesabika, akajua hoja ile ikipita, mtoto yule haoni mvua za mwaka ule.

Na hoja za Mzee Kiboko zilipita zote. Kisa? Sheria ya kikao. Mwenyekiti alikuwa Babu Tembo, aliyechaguliwa kwa ajili ya masikio yake. Neno lililofika kamili masikioni mwa Babu Tembo lilihesabiwa. Lisilofika, ilikuwa kama halikusemwa. Msemaji aliruhusiwa kulirudia, na akishindwa tena, alikaa chini akanyamaza.

Katika banda lao la zamani, Kiboko akifungua kinywa, kipana kama boti lililojaa meno, sauti yake ilijaa mpaka kwenye paa. Mdogo akisimama, sauti yake ilimezwa na miguno, mikoromo na kutafunatafuna kwa wakubwa. Bi Digidigi aliwahi kusimama kueleza jinsi mwanawe alivyokanyagwa njiani. Kilichosikika ni "nyi, nyi, nyi." Akakaa, akalia kimya kimya.

Sasa, siku ile ya kutangaza hoja, Mzee Kiboko akawashwa mgongo. Akausogelea mhimili wa banda, akajikuna. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Lo, alivyoona raha, akafumba na macho.

Mhimili ukasema, "Kaa!"

Paa likasema, "Puuu!"

Vumbi lilipotulia, banda halikuwapo. Hakuna aliyeumia ila heshima ya Mzee Kiboko, na hiyo ilipona upesi.

"Nani atatujengea ukumbi mwingine?" akauliza Babu Tembo.

Nyati akasema kiuno kinamsumbua. Kifaru akasema ana wageni nyumbani. Kiboko akatazama mawingu kana kwamba kuna jambo la maana huko juu.

Bi Pimbi akaparamia jiwe ili aonekane. Akapaza sauti mpaka koo likamkwaruza. "Nipeni mimi kazi hiyo!"

"Kwa, kwa, kwa!" wakubwa wakaangua kicheko.

"Wewe?" akasema Kiboko. "Wewe ambaye nikipiga chafya tutakutafuta siku nzima?"

"Ndiyo, mzee wangu. Ndani ya Jabali Kuu kuna pango pana. Hata Babu Tembo anapita mlangoni bila kukunja sikio. Na jabali halianguki likikunwa."

Babu Tembo akatabasamu. "Mwacheni mama huyu ajaribu."

"Basi nina sharti langu," akasema Kiboko. "Kiti changu kiwe kikubwa kuliko vyote. Tena kiwe katikati, kila mtu anione!"

Bi Pimbi akainamisha kichwa kwa adabu. "Katikati hasa, mzee wangu. Sisi wadogo tutajibanza ukutani."

"Huko ndiko kwenu!"

Jioni Bi Digidigi akamfuata shoga yake. "Umetuuza, mwenzangu! Unampa adui kiti cha enzi, sisi unatubandika ukutani kama mijusi?"

"Njoo nikuonyeshe kitu," akasema Bi Pimbi.

Wakaingia pangoni. Lilikuwa la mviringo, kuta zimepinda mpaka zikakutana juu, na katika kilele palikuwa na tundu lililoingiza mwanga. Bi Digidigi akashusha pumzi. Hakuwa amewahi kuona chumba kikubwa namna ile.

"Nenda ukasimame kule ng'ambo," akasema Bi Pimbi. "Weka sikio karibu na ukuta."

Bi Digidigi akaenda, vijikwato vyake vikilia ko, ko, ko. Bi Pimbi akageukia ukuta wa upande wake, akanong'ona, sauti ya kumbembelezea mtoto aliyesinzia: "Shoga, mwanao ameamkaje leo?"

"Mama yangu!" Bi Digidigi akaruka juu. "Nani kanisemesha? Nani yuko nyuma yangu?"

"Ni mimi."

"Wewe uko kule!"

"Niko huku, na neno langu liko huko."

Bi Digidigi akaugusa ukuta kwa pua, taratibu, akarudi nyuma, akaugusa tena.

Bi Pimbi akamwelezea. Siku moja alikimbilia humo akifukuzwa na tai. Alijikunja gizani, akamwomba Mungu kwa pumzi tu, akitaja majina ya wanawe. Na kitinda mimba wake, aliyekuwa amejificha upande wa pili, akaitika: "Abee, mama!"

"Nilidhani nimekufa niko mbinguni," akasema Bi Pimbi. "Kisha nikaelewa, nikalia. Si kwa woga, shoga. Jiwe lisilo na mdomo limelichukua neno langu, likalibeba kama mama anavyobeba mtoto, likalifikisha bila kulidondosha. Ni nani aliyeliumba hivi? Mpaka leo nikiingia humu navuta pumzi kwa adabu."

"Na katikati je?"

Bi Pimbi akacheka chini chini. "Katikati ni pa Mzee Kiboko. Tumwachie mwenyewe."

Wakaanza kazi. Walizoa mavi ya popo, wakasugua ukuta kwa mchanga mpaka ukalainika, wakapanga mawe ya kukalia kuuzunguka. Katikati, pale mwanga uliposhukia, wakaweka jiwe pana lililotandikwa matete laini, yale anayoyapenda Kiboko. Bi Pimbi alifanya kazi akiwa na njaa, maana fungu lake la majani alikuwa akimpa mtoto.

Siku ya kikao ikafika. Wanyama wakaingia, na mmoja mmoja alipovuka mlango, alinyamaza. Kifaru, mtu wa kelele, akaanza kutembea kwa ncha za vidole bila kuambiwa. Babu Tembo alitazama juu kwenye tundu lile la mwanga, kisha akaenda kuegemeza mgongo ukutani, kwani uzee ulikuwa umemzoeza hivyo.

Mzee Kiboko akapanda kiti chake. Mwanga ukamwangaza kote. Akajitanua, akatabasamu.

"Ajenda ni moja," akasema Babu Tembo. "Bonde. Mwenye hoja asimame."

Kiboko akavuta pumzi, akafungua lile boti la meno. "WADOGO WASILE BONDENI!"

Eee, wanangu! Sauti ikagonga kuta pande zote kwa mara moja, ikarudi yote juu ya kichwa chake. Wooo-boo-loo-ndoo-oo-oo! Jabali zima lilivuma. Popo wakatoka mbio. Kiboko mwenyewe akajikunyata, masikio yake madogo yakazunguka puru puru.

"Sijasikia neno," akasema Babu Tembo. "Nimesikia ngurumo tu. Rudia."

Akarudia, akakaza sauti maradufu. Ngurumo ya pili ikaikuta ya kwanza haijaondoka, zikapigana juu ya kichwa chake. Akashuka kitini akiyumba, machozi yanamlengalenga.

"Halikufika," akasema Babu Tembo. "Kuna mwingine?"

Bi Pimbi akageukia ukuta. Moyo ulimdunda hata akaogopa utasikika wenyewe. Akanong'ona:

"Bonde ni la kila mwenye tumbo. Mwanangu ana tumbo dogo, lakini njaa yake ni kubwa kama yenu."

Babu Tembo akasimamisha masikio. Nyati akageuka kutazama nani yuko begani mwake. Kifaru akaangalia chini ya kwato zake. Kila aliyeketi ukutani alilisikia kama siri aliyoambiwa yeye peke yake.

"Nani amesema hivyo?" akauliza Babu Tembo polepole.

"Mimi, Babu. Niko huku ng'ambo."

Babu Tembo akalitazama lile pango, kisha akamtazama yule mama mdogo. Ndipo Bi Digidigi akanong'ona habari za mwanawe aliyekanyagwa. Maneno yake yalifika yote, na hapakuwa na mkubwa aliyetafuna kitu.

"Nimechezewa!" akalia Kiboko. "Kiti hiki kina mtego!"

"Nani alikiomba?" akauliza Babu Tembo.

Kiboko akajivuta hadi ukutani. "Basi na mimi nisemee hapa."

"Sema. Lakini ukutani hapangurumwi."

Mzee Kiboko hakuwa amewahi kunong'ona maisha yake yote. Akainamisha kile kichwa chake kizito, akasema kwa pumzi tu, na bila ngurumo ya kulifunika, neno likatoka lilivyo:

"Wadogo wakae na njaa, ili mimi nishibe zaidi."

Neno likatembea na ukuta. Likampitia Nyati, likampitia Kifaru, likawapitia watoto wa Bi Pimbi waliobanana, likazunguka pango zima, likamrudia mwenyewe sikioni. Alikuwa amelisema mara nyingi mno, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza kulisikia.

Akakodoa macho. "Ni mimi niliyesema hivyo?"

"Ni wewe, mzee wangu," akanong'ona Bi Pimbi, na hakukuwa na dhihaka sautini mwake.

"Limefika kamili," akasema Babu Tembo. "Nani analiunga mkono?"

Hakuna aliyejitokeza. Kiboko mwenyewe akatazama sakafu.

Kikao kilipokwisha, kitinda mimba wa Bi Pimbi alitangulia kuteremka bondeni, wakubwa wakampisha njia.

Basi wanangu, hadithi yangu imekoma hapa, nanyi shikeni neno hili moja: mwenye haki hahitaji kelele, na mwenye kelele ajisikilize kwanza.