Moshi wa Sultani

Palikuwa na sultani, Badawi wa Tumbuu, aliyetoza ushuru mpaka akakosa cha kutoza. Nazi alikwisha kuzitoza, na kuku, na hata vivuli vya mapaa. Asubuhi moja akaketi roshani, akaona moshi wa majiko unapaa juu ya mji.

"Ule unapita katika anga la nani?"

"Lako, Maulana," akajibu Nyange, mweka hazina wake.

"Basi ulipiwe njia."

Watu wa Tumbuu nao si wa mchezo. Wakaziba madirisha, wakapika wamejifungia, macho mekundu, hautoki nje hata unyuzi wa moshi. Sultani akatoa amri ya pili: wa ndani nao utozwe.

Sasa, mjini humo alikuwako Mize, mjane kijana, mtoto mgongoni. Akiogopa, ulimi wake haukamatiki. Na siku hiyo aliogopa kwelikweli, maana Nyange alimjia na kumwambia deni lake la moshi limefika shingoni. Alhamisi, siku ya suluhu, asipopatana na Sultani, mbuzi wake atachukuliwa. Mize mwenyewe maziwa yalikwisha kumkauka. Mtoto aliishi kwa mbuzi yule.

"Nitapatana, bwana, kwa nini nisipatane, lakini samaki hapatanwi bei angali majini, kwanza nipe maandishi yenu, yote, ya deni na ya amri, zote mbili, na mhuri uwepo, maana nikiulizwa nilikubali nini nitasema nini, na mtoto huyu usiku halali, na mimi silali, na mbuzi..."

"Apewe," Nyange akawaambia makarani. "Apewe yote, anyamaze."

Wakamnakilia, wakagonga mhuri. Mize, aliyesoma chuo cha Kurani akahitimu, akasoma kila mstari njiani, midomo ikimchezacheza.

Alhamisi baraza likajaa. Mbuzi kafungwa mlangoni, analia.

"Haya, bibie," Sultani akasema. "Unalipa nini?"

"Naogopa, Maulana, na nikiogopa nasema sana, uniwie radhi, nataka tu kujua, moshi wa jikoni kwangu ni wa nani?"

"Si umepewa maandishi?"

"Nimepewa. Yanasema moshi ni mali ya Sultani, uwe nje uwe ndani, tangu kuni zinaposhika moto. Mhuri huu wako?"

"Wangu."

"Na mali ya mtu ikilala nyumbani kwa mwenziwe, desturi ya Tumbuu ni nini?"

"Hulipiwa pango," Sultani akajibu upesi, kwani mwenye maghala ni yeye, na desturi hiyo aliiweka yeye.

"Alhamdulillahi. Basi moshi wako unalala kwangu tangu niolewe. Mimi na mtoto tuna kona, wenyewe una dari nzima. Umenichafulia makuti, umemtia mwanangu kikohozi, kanga yangu ya harusini umeivaa kabla yangu. Na pango, Maulana, hata kisahani cha wali sijaona."

Baraza likainama, kila mtu ghafla anatafuta kiatu chake.

"Basi moshi si wangu," Sultani akasema.

Nyange akamwinamia sikioni, lakini mnong'ono wake ulifika hadi kwa mbuzi. "Maulana, ukiukana, mji mzima watadai warudishiwe ushuru wao."

Sultani akafumba macho, akafumbua.

"Moshi ni wangu," akasema. "Mfungulieni mbuzi wake. Deni limefutwa. Na hilo pango, bibie, tufanyeje?"

Mize alikwisha kumshika mbuzi kamba.

"Pango nakusamehe, Maulana. Ila uuambie huo moshi wako, kesho nikiwasha jiko, upige hodi kwanza. Nyumba ya mjane haiingiwi hivihivi."