Mama Kikopo

Mitaa ya mlimani na mitaa ya bondeni ilitenganishwa na reli tu, lakini kifo kiliizoea zaidi njia ya bondeni. Kwenye ramani ya jiji iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, kila aliyeuawa na saratani ya utumbo mpana alitiwa nukta nyekundu. Mlimani nukta zilikuwa za kuhesabika. Bondeni zilisongamana kama upele.

"Si kwamba huko juu hawaugui," muuguzi wa zahanati hiyo alizoea kuwaambia watu. "Wao huwahi kupima. Sisi huja tukiwa tumebebwa."

Kutwa alipita nyumba hadi nyumba akigawa vikopo vya kuwekea choo cha kupimwa, hata akabandikwa jina la Mama Kikopo. Vijana wa kijiweni walimtania, "Mama, leo mzigo haujaiva!" Naye alicheka nao, kisha akamwachia kila mmoja chake. Fundi viatu mmoja aliyekuwa akimkimbia kama mdeni hatimaye alikubali. Akakutwa na uvimbe mchanga, akapasuliwa, akapona. Siku hiyo muuguzi alitembea kama bibi harusi.

Damu alipoiona katika choo chake mwenyewe, alijiambia ni bawasiri. Alipoanza kukonda, mumewe alimkabili jikoni.

"Mke wangu, vikopo vyote hivyo, chako ki wapi?"

"Nikilala mimi, nani atawazungukia hawa? Acha nimalize mtaa huu."

Aliumaliza, akaanza mwingine. Moyoni aliujua ukweli: aliogopa. Alikuwa amewaona wengi mno wakipokea majibu.

Alianguka mlangoni pa watu, begi begani. Katika hospitali kuu, daktari aliinamisha uso.

"Dada, ugonjwa umeshafika kwenye ini. Hata wewe, wa kuchelewa hivi?"

Mumewe aliushika mkono wake uliobaki mifupa. "Ungeniambia tu, ningekubeba mgongoni nikulete."

"Nisamehe, baba watoto," alinong'ona. "Niliwahimiza wote, nikajisahau makusudi."

Hakumaliza mwezi. Zahanati ililetewa muuguzi mwingine, lakini bondeni hakufunguliwa milango. "Kama aliyejua yote amekufa, sisi kupima kutatufaa nini?" waliulizana, wakaendelea kuugua kimyakimya na kuzikana. Laiti angejipima yeye kwanza, wangemwamini hadi leo. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.