Kapsuli ya Mwisho ya Bi. Aikande

Tegeni masikio, na mwenye kikombe mkononi akiweke chini kwanza. Nitawasimulia yaliyompata Bi. Aikande wa Uru, kisha nitawaachia mzigo ambao mimi mwenyewe nimeshindwa kuutua.

Kwanza muwajue watu wenyewe. Bi. Aikande alikuwa na pua. Msicheke. Kila mtu ana pua, lakini ya Bi. Aikande ilikuwa imeajiriwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye meza ya kuonjea kahawa katika kampuni moja pale Moshi mjini. Alikuwa akifyonza kijiko kwa kishindo, anatema, halafu anakuambia buni hiyo imetoka mteremko upi na kama ilinyeshewa ikiwa kwenye vichanja vya kuanikia. Kundaeli, mtoto wa kaka yake, alikuwa fundi umeme kule Arusha, na kipaji chake kilikuwa kuleta. Akikuahidi kitu, atakileta hata kama ni kwa mgongo. Sikudhani, msaidizi wa Bi. Aikande pale mezani, alikuwa na kipaji cha kutunza. Hakuna alichokabidhiwa kikapotea. Na jirani yao Fundi Mbwambo alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia, mtu ambaye vidole vyake viliona kuliko macho ya wengine.

Sasa sikilizeni. Bi. Aikande aliugua mafua, mafua ya kawaida tu, akapona, akarudi kazini. Asubuhi hiyo aliletewa vikombe sita. Akafyonza, akatema, akasema, "Hiki cha nne ni safi."

Mkuu wa kampuni akamtazama. "Mama, umesema safi?"

"Safi kabisa."

Sikudhani, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaziba mdomo. Kahawa ile ilikuwa na ukungu. Hata mfagizi aliyekuwa mlangoni alikuwa ameshika pua. Bi. Aikande akakiinua kikombe tena, akanusa. Hakuna kitu. Akachukua cha tano, akanusa. Hakuna. Akavuta kitambaa cha mezani kilicholoa kahawa ya siku nzima, akakibandika usoni kama mtoto anayelia. Miaka thelathini na mmoja, na dunia ilikuwa imezimwa kama taa.

Daktari alimwambia asubiri. Akasubiri miaka miwili. Akaunguza maharage bila kujua, akanywa maziwa yaliyochacha, akawa anapita shambani kwake kahawa ikiwa imechanua kama theluji, asisikie harufu yoyote. Kiti chake akakaimishwa Sikudhani.

Siku ya kipaimara cha mtoto wa binamu yake, ukoo wote ukiwa umekaa, Bi. Aikande alisimama akasema, "Mnalijua shamba langu. Ni robo ekari, nililinunua kwa jasho langu, si la urithi, kwa hiyo nampa nimtakaye. Atakayenirudishia harufu ya kahawa, shamba ni lake lote. Na silikati vipande. Shamba la kahawa likikatwa vipande linabaki bustani ya mchicha."

Watu walidhani ni uchungu unaosema. Lakini alikula kiapo mbele ya mchungaji, na kiapo si mate kwamba utayafuta.

Kundaeli alikuwa wa kwanza. Bosi wake, aliyekuwa akimfanyia kazi nyumbani kwake, alikuwa anahama nchi, akamwambia, "Chagua kimoja, friji au mashine ya kahawa." Mke wa Kundaeli aliuza mtindi nyumbani, na mwaka mzima alikuwa akiomba friji. Lakini Kundaeli alikumbuka jinsi harufu ya mashine ile ilivyokuwa ikimpokea getini kila asubuhi, kabla hata hajabisha hodi. Akachagua mashine. Akaibeba mapajani kutoka Arusha hadi Uru, na aliporudi nyumbani mkewe hakumsemesha siku nne.

Mashine hiyo haikutumia kahawa ya kuchota. Ilitaka kapsuli, yaani kikopo kidogo kilichojazwa kahawa iliyosagwa na kuzibwa hewa isiingie. Unakitumbukiza, unafunga kifuniko, sindano inakitoboa, maji ya moto yanapita kwa nguvu, kahawa inashuka na povu lake. Kapsuli zenyewe Kundaeli hakuwa nazo. Akazisaka Moshi, akazisaka Arusha, hakuna duka lililozijua.

Hapo ndipo Sikudhani alipokuja na boksi dogo. Mwaka uliotangulia alikuwa ametumwa ng'ambo kwenye maonyesho ya kahawa, na huko, juu ya meza ya kiwanda kimoja, akasoma jina la Uru na namba ya mzigo. Ulikuwa mzigo wa mwisho ambao Bi. Aikande aliuonja kabla ya mafua, nao ulikuwa umesagwa na kufungwa kwenye kapsuli. Aliomba, akapewa tatu za mfano. Akazitunza.

"Mama," akasema, akiziweka mezani, "hii ni kahawa uliyoipitisha wewe. Haijaguswa na hewa tangu ifungwe."

Bi. Aikande alizishika moja moja kama mayai.

Walikusanyika jikoni kwake Jumamosi mchana. Kundaeli akatumbukiza kapsuli ya kwanza. Ikazama mle ndani kama punje ya mahindi kwenye kinu, maana mdomo wa mashine ulikuwa mpana na kapsuli ilikuwa nyembamba. Akafunga kifuniko, akabonyeza.

Pu! Maji ya kahawia yakaruka hadi ukutani, yakalowesha kalenda, yakamrukia Bi. Aikande. Sikudhani akapiga yowe. Kundaeli akachomoa waya.

"Shangazi! Unasikia harufu yoyote?"

"Nasikia maji ya moto shingoni!"

Kapsuli ilikuwa imebonyea, haikutobolewa sawasawa. Kundaeli akaigeuza mashine, akaichunguza, akakaa chini. "Hii mashine ni ya kampuni nyingine, na kapsuli ni za kampuni nyingine," akasema. "Kila mmoja kaunda zake kusudi usinunue kwa jirani. Hazikubaliani hizi."

Bi. Aikande hakungoja zaidi. Akachukua kisu, akaipasua kapsuli ya pili, akazamisha pua kwenye unga. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Alipoinua uso alikuwa na kahawa puani na machozi mashavuni. "Mchanga," akasema. "Nimenusa mchanga."

Ikabaki moja.

Fundi Mbwambo alikuwa amesikia kishindo. Aliingia mbio, mikono myeupe kwa plasta ya kuchukulia nakala za meno, akidhani ni mtungi wa gesi. Walipomweleza, akainamia mashine, akaingiza kidole katika ule mdomo wake mpana wa kapsuli, akakizungusha taratibu. Kisha akasema, "Dada Aikande, hiki ni kinywa tu. Taya la juu halikutani na la chini. Nipeni wiki."

Akachukua nakala ya mdomo wa mashine kwa plasta, kama achukuavyo ya ufizi. Akachukua na ya kapsuli, akiishika kwa ncha za vidole asije akaitoboa. Akaunda kipete cha kujaza mwanya kati ya kapsuli na mdomo wa mashine, kwa ule unga wa waridi unaotengenezewa fizi za bandia, akakichemsha, akakipima, akakitupa. Akaunda cha pili, akakitupa. Cha tatu kikakubali. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba unga huo ulikuwa wa mwisho dukani kwake, na alikuwa ameuweka ajitengenezee meno ya kuziba pengo lake mwenyewe la mbele, ayavae harusini kwa binti yake. Mwingine ungefika baada ya mwezi. Harusini alikwenda na leso mdomoni, na kwenye picha zote anaonekana kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Wiki ilipotimia wakakusanyika tena wanne wao. Kipete kikaingia. Kapsuli ikakaa juu yake kama yai kwenye kiota. Kundaeli akafunga kifuniko, na safari hii kikalia *tik*. Akabonyeza, wote wakarudi nyuma.

Mashine ikanguruma. Uzi mwembamba mweusi ukashuka kikombeni, ukifuatwa na povu la rangi ya asali. Bi. Aikande akakiinua kikombe. Akanusa. Akasimama tuli.

Kundaeli akasema, "Shangazi?"

Uso wa Bi. Aikande ulikuwa umebadilika, macho yamemtoka kama aliyemwona marehemu mlangoni. Akafyonza kwa kishindo, kile kishindo chake cha zamani, na mara kikombe kikamponyoka, kikapasuka sakafuni.

"Imenyeshewa!" akapiga kelele. "Imenyeshewa! Mara moja, ikiwa kichanjani, siku ya tatu! Wakaianua upesi! Ni ya upande wa juu, karibu na msitu! Mungu wangu, nanusa! Nanusa na plasta ya Fundi! Kundaeli, viatu vyako vinanuka!"

Majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Fundi Mbwambo alijishika kichwa. Kundaeli alikuwa analia na kucheka. Lakini Sikudhani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Bi. Aikande akamwendea. "Mwanangu, vipi?"

"Ni kweli, Mama. Nilisoma kwenye kumbukumbu za mzigo ule. Ilinyeshewa siku ya tatu." Akaokota kipande cha kikombe kilichopasuka. "Jumatatu ijayo walikuwa wanasaini barua yangu. Ya kiti. Kukithibitisha kiwe changu moja kwa moja."

Bi. Aikande akachuchumaa mbele yake. "Na ulijua? Ulipoleta zile kapsuli, ulijua kwamba nikipona utakikosa kiti?"

"Nilijua. Nimefurahi, Mama, nakuapia. Sijui tu kwa nini miguu haina nguvu."

Jumatatu Bi. Aikande akapangiwa vikombe kumi, akavitaja vyote kumi. Alimwomba mkuu amwachie Sikudhani kiti, mkuu akakataa kata kata. Sikudhani akarudi kuwa msaidizi, kuosha vijiko na kuandika anayoambiwa.

Kikabaki kiapo. Bi. Aikande akawaita wote watatu shambani, chini ya migomba, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji aliyekuja na hati ya kukabidhi. Alidhani jambo lingeisha kwa vicheko. Kundaeli ndiye aliyeanza.

"Shangazi, mimi nilianza wakati kila mtu anasema unaweweseka. Niliacha friji, na mke wangu bado ananuna mpaka leo. Bila mashine, kapsuli ya Sikudhani ingebaki pambo la kabatini. Na mimi ni damu yako."

"Mashine ziko nyingi duniani, kaka," akasema Sikudhani kwa upole. "Ungeleta inayolingana na kapsuli, hata kipete kisingehitajika. Lakini kahawa ile ilikuwa moja. Pua ya Mama ilikataa kahawa zote kwa miaka miwili, ikaikubali ile. Niliitunza, nikaitoa, nikajua inaning'oa."

Fundi Mbwambo alikuwa na leso mdomoni. Akaiondoa, pengo likaonekana. "Mashine ilikuwapo na kapsuli zilikuwapo," akasema, "na mlichopata ni ukuta mchafu. Kila mmoja wenu alileta kizuri chake bila kuuliza kama kinakubaliana na cha mwenzake. Mimi sikuwa na mashine wala kahawa. Niliuliza swali hilo tu. Na jibu lake nililitoa kinywani mwangu mwenyewe."

Bi. Aikande aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alitaka kusema, "Gawaneni," ulimi ukakataa, maana alikuwa ameapa. Alitaka kumpa Kundaeli, akaona kiti cha Sikudhani. Alitaka kumpa Sikudhani, akaona pengo la Fundi. Alitaka kumpa Fundi, akamkumbuka mke wa Kundaeli, mama wa watu asiyekuwa na friji, mtindi wake ukiharibika kwa joto, na yeye hakuapa kitu wala kuulizwa. Hakuwahi kufikiri kwamba kurudishiwa kilichopotea kunaweza kumtisha mtu hivyo.

"Mama," mwenyekiti akamwambia, "nafasi ya jina ni moja. Niandike nani?"

Mwenyekiti bado ameinamia hati, kalamu iko juu ya karatasi, na watu watatu wamesimama wanamtazama Bi. Aikande.

Haya, mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, mimi nimefika ukingoni na sina daraja. Aliyeleta mashine, aliyetoa kahawa akapoteza kiti, au aliyezipatanisha kwa meno yake? Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?