Moto Uliozimika Chini ya Chungu

Kama unaisoma hii umesimama, tafuta pa kukaa. Ni fupi, lakini inamhusu mtu unayemjua.

Mfalme mmoja alikuwa na mkorosho uliopandwa na marehemu mama yake. Mti ulipoanguka, ulilala chini misimu miwili ya mvua, ukaanza kuoza. Ukungu ulichora ndani yake mistari myeusi ya kupendeza, ila mbao zenyewe zikawa laini kama mkate. Mfalme akampa Sudi, fundi wa kukereza, yaani kuchonga mbao ikizungushwa, vipande vinne amtengenezee bakuli la kumbukumbu.

Vitatu vilisambaratika kwenye patasi.

"Cha nne kikiharibika," mfalme alimwambia, "usikereze tena katika mji huu." Na Sudi hakujua kazi nyingine.

Dawa ya mti laini aliijua, au alidhani anaijua. Kila kimoja cha vile vitatu alikichemsha katika chungu cha mafuta yenye sandarusi, ule utomvu mgumu unaoyeyuka motoni, mpaka mapovu yakaisha, kisha akakitoa kikiwa bado cha moto. Nje kiling'aa, ndani kilibaki pumba.

Siku ya kipande cha mwisho aliitwa ikulu kujieleza. Chungu kikiwa motoni, akamwachia mama mkwe wake, Bi Kazija.

"Mama, naomba moto usizimike."

Aliporudi alikuta majivu, na kipande kimezama kwenye mafuta yaliyopoa.

"Jirani ameshikwa na uchungu, mwanangu," Bi Kazija alisema. "Hakuwa na hata kijiti cha kuni. Nimempelekea zote, na makaa."

"Basi umenimaliza," Sudi alifoka.

Kumfokea mkwe, tena mlango wazi, watu wanasikia! Mama wa watu alijifunga kanga yake vizuri, akaingia ndani.

Baada ya siku kumi kipande kilikauka. Kwa kuwa hakuwa na kingine, Sudi alikifunga kwenye kerezo, mashine yake ya kuzungushia mbao. Patasi ikapita bila kukwama, maranda yakatoka marefu, na kila mstari mweusi ukabaki mahali pake.

Mfalme alilipokea bakuli, machozi yakamtoka. "Umetumia siri gani?"

Watu wakasubiri fundi ajisifu.

"Sina siri, mfalme. Mama mkwe wangu aliuacha moto uzimike ili jirani ajifungue salama. Kumbe mti hutoa hewa ukiwa motoni, lakini hunywa mafuta unapopoa. Miaka yote nilikuwa nautoa kabla haujanywa."

"Omba zawadi unayotaka."

"Naomba ruhusa niondoke sasa hivi. Tangu siku ile sijamwomba msamaha."

Alimkuta Bi Kazija uani, anamwogesha mtoto wa jirani. Akapiga magoti pale pale kwenye tope.

"Mama, nisamehe. Na ahsante. Bila wewe leo nisingekuwa fundi."

Bi Kazija akamnyooshea mtoto. "Haya, nishikie mtoto," akasema, "nikachukue nguo yake."

Funzo: Uliyemfokea kwa kukuharibia huenda ndiye aliyekuokoa. Ukiligundua hilo, usimshukuru moyoni tu. Nenda ukamwambie angali yupo.